Mwaka tuliokula kamba

Mwaka 2020 nyumbani kwangu Dunda tulikula kamba mpaka mwanangu wa mwisho akadhani ndicho kitoweo cha kawaida cha watu wa Bagamoyo. Kamba wa nazi, wali wa kamba, kamba wa kukaanga na ndimu juu. Nasema wale kamba wakubwa, si uduvi. Na wala hatukuwa tumepata. Tulikuwa tumefilisika.

Nieleze. Kamba wale huvuliwa kwenye maji ya tope upande wa mdomo wa mto Ruvu, na miaka yote niliyoishi mji huu sikuwahi kuwaona wakilala hapa. Wakitoka kwenye mashua wanaingia kwenye maboksi ya barafu, na kabla jua halijapanda wako njiani kwenda Dar es Salaam, kwenye hoteli ambako sahani moja inauzwa kwa bei ya kununulia unga wa wiki nzima. Sisi wenye bahari yetu tunakula vibua na dagaa. Basi korona ilipoingia na hoteli zikakosa watu, wanunuzi wa kamba wakaacha kuja mnadani. Wavuvi wakaanza kuwapanga mafungu chini kwenye turubai kama wanavyopangwa dagaa. Mtaani watu wakasema neema imeshuka. Mke wangu alilitazama karai lake lililojaa kamba, akaniambia, "Baba watoto, huu ni msiba uliokuja na kitoweo chake."

Kazi yangu ni kutembeza wageni. Nimeianza mwaka 2008, baada ya kuhangaika na kazi za kuungaunga, na naijua njia yangu hata ukinifunga kitambaa machoni: tunaanzia Caravan Serai, mahali ilipokuwa ikifikia misafara ya zamani kutoka bara, tunashuka Mtaa wa India kwenye zile nyumba za milango ya kuchongwa ambazo nyingine zimebaki kuta tu, tunapita Boma la Wajerumani, forodhani, soko la samaki, pale Wajerumani walipowanyonga waliopinga utawala wao, kisha Misheni, na mwenye nguvu za ziada tunampakia bajaji mpaka magofu ya Kaole. Nina Kiingereza cha kutosha, Kijerumani cha kuchekesha watu, na sentensi nne za Kifaransa ambazo nikizimaliza huwa naugua ghafla.

Wahenga wa pwani walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sikuwahi kukaa nikahesabu ni wenyeji wangapi hupona kwa mgeni mmoja, mpaka mgeni alipokosekana. Wale wawili wa Kijerumani niliowatembeza katikati ya Machi walikuwa wa mwisho, kwa hiyo siku yao naikumbuka shilingi kwa shilingi. Walilala nyumba ya wageni ambayo mfuaji wa mashuka ni jirani yangu. Walipanda bajaji ya kijana wa Magomeni kwenda na kurudi Kaole. Waliingia kwa kiingilio. Walinunua picha mbili za kuchora kwa msanii aliyesoma Chuo cha Sanaa. Walikula samaki kwa mama lishe ambaye alinunua samaki mnadani, nazi kwa muuza nazi, mkaa kwa muuza mkaa. Mimi nikapata dola hamsini na bakshishi. Wazee wawili tu hao, saa tano za kutembea, na watu wasiopungua kumi walipika jioni ile kwa sababu yao.

Lakini yule mzee wa kiume hakunisikiliza hata kidogo. Pale Misheni kuna mbuyu uliooteshwa mwaka 1868, mapadri walipofika kutoka Zanzibar, na kwenye shina lake unaona kipande cha mnyororo kimechomoza. Inasemekana mama mmoja wa Kifaransa alikuwa akimfungia punda wake hapo, akausahau, na mbuyu ukaumeza. Ni hadithi inayompendeza kila mtu. Siku hiyo nilipoisimulia, mzee alikuwa anatazama simu yake, anamwonyesha mkewe, wananong'onezana. Nilikasirika kidogo moyoni. Kumbe walikuwa wanatafuta ndege ya kurudi kwao.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Machi 16, kule Arusha. Kesho yake shule zikaamriwa kufungwa, na vyuo navyo vikafuata. Waliosoma Bagamoyo wanajua maana yake kwetu. Chuo cha Sanaa, siku hizi TaSUBa, kimekuwepo tangu 1981, na pamoja na wanafunzi wa nyumbani kilikuwa kinavuta vijana wa Ulaya wanaokuja kujifunza ngoma, marimba na sarakasi. Hawa hawakai siku mbili kama watalii wangu. Wanakaa miezi, wanapanga vyumba, wanazoea chapati za mtu fulani, wananyoa kwa kinyozi fulani. Niliwaona stendi wakiwa na ngoma zao zimefungwa kwenye mifuko ya unga, wengine wanalia. Aprili 11 ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa kabisa. Zilirudi kuruhusiwa Mei 18, lakini kuruhusu ndege kutua ni jambo moja, na mtu wa kupanda ndege hiyo ni jambo lingine.

Sasa hapa ndipo penye jambo ambalo watu wa nje hawalielewi nikiwasimulia. Sisi Tanzania hatukufungiwa ndani. Soko lilikuwa wazi, mnada ulilia kila asubuhi, bodaboda zilikimbia, misikiti na makanisa yalijaa, watu walijifukiza nyungu na kunywa tangawizi na malimao, maisha yakaendelea. Mji mzima ulikuwa unauza na kununua isipokuwa sisi. Ilikuwa kama kufiwa peke yako mtaani wakati kila nyumba ina harusi. Tulikaa chini ya mwarobaini, kundi la watembeza wageni, wauza vinyago na wachoraji, na mtu akipita anatutania: "Vipi, wazungu wenu bado?" Ule utani ulikuwa na haki yake. Miaka yote tulikuwa tunatembea na fungu la dola mfukoni na kuwaona wauza dagaa kama watu waliokosa mbinu.

Nina deni langu la siku zile ambalo halijalipwa mpaka leo. Kampuni moja ya Dar ilikuwa inaniletea wageni, mimi natembeza, wao wananilipa mwisho wa mwezi. Januari hadi Machi walikuwa wamefikisha shilingi 640,000. Nilipopiga simu Aprili nikaambiwa nivumilie mambo yakae sawa. Juni simu ikapokelewa na mtu aliyesema yeye ni mlinzi. Hatukuwa na karatasi hata moja, ilikuwa mali kauli, na mimi niliona fahari kufanya kazi kwa kuaminiana na watu wenye ofisi yenye kiyoyozi. Siku hizi napokea nusu kwa simu kabla mgeni hajashuka kwenye gari, na anayenuna namwacha anune.

Kosa kubwa zaidi nililifanya mwenyewe. Juni nilikopa laki mbili kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wenye riba ya kukamua. Wanaojua wanajua: fomu ya ukurasa mmoja, picha ya vitu vyako vya ndani, marejesho kila Jumatano. Nilijidanganya kwamba ndege zimefunguliwa, Julai ndiyo msimu, wageni watakuja, nitalipa. Nilikuwa nimekopa kwa dhamana ya watu walioko Munich ambao hawajui hata kama nipo. Jumatano ya tatu sikuwa na kitu. Ya tano wakachukua friji na televisheni, na kijana mmoja akaanza kuivuta cherehani ya mke wangu, naye akakaa juu yake. Alikaa juu ya cherehani na kanga yake, hakusema neno, mpaka wakaondoka.

Kilichotuokoa ni kitu nilichokuwa nakidharau. Mke wangu alikuwa na mchezo na wanawake wa sokoni, ishirini kwa idadi, kila mmoja elfu mbili kwa siku, na kila siku mmoja anapokea elfu arobaini. Kijumbe wao ni mama mmoja anayekaanga samaki, hajui kusoma vizuri lakini kichwani mwake zamu hazipotei. Miaka yote nilikuwa namwambia mke wangu hivyo ni vijisenti, bakshishi yangu moja inavipita. Alipomwendea kijumbe na kumwelezea, yule mama aliuliza maswali mawili tu, akabadilishana zamu na mwenzie, tukapokea kesho yake badala ya wiki mbili mbele. Hakutaka riba. Alitaka mke wangu asikose siku hata moja baada ya hapo, na hakukosa. Kuna siku alitoa hiyo elfu mbili tukalala na uji. Baadaye walisajili kikundi wakapata mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia kumi ya mapato yake ambao asilimia nne ni ya wanawake, nne ya vijana na mbili ya watu wenye ulemavu. Mimi nilikwenda kuulizia fungu la vijana. Binti wa mapokezi alinitazama ndevu, akatabasamu kwa adabu.

Mananasi sitayaelezea kwa urefu maana bado yanauma. Shemeji yangu ana shamba Kiwangwa, na Kiwangwa kwa nanasi haihitaji kusifiwa. Desemba nikachukua mananasi mia tatu, nikakodi kirikuu kwa elfu sitini, nikayaleta mjini. Desemba ndiyo mwezi ambao kila mwenye shemeji Kiwangwa ana mananasi. Nikabaki nayo barabarani. Halafu nikagundua sijui kuuza. Mama mmoja alisimama akaulizia bei, na mimi, mazoea yana kilema, nikaanza kumweleza yametoka wapi, udongo wa kule ulivyo, jinsi yanavyooteshwa. Alinisikiliza kidogo, akasema, "Kaka yangu, ni matamu au si matamu?" Mia moja na ishirini yalioza. Jirani mwenye mbuzi alinishukuru sana.

Pwani ufukweni kuna mzee mmoja anayeshona nyavu ambaye nilikuwa napita naye kila siku na wageni wangu, nao humpiga picha. Sikuwahi kukaa naye. Miezi ile nilikaa, kwa sababu sikuwa na pa kwenda. Siku moja nikamlalamikia kwamba mji umekufa. Akaendelea na sindano yake, akasema, "Mjukuu wangu, mji huu kuachwa si mara ya kwanza. Umeshaachwa na wageni wengi kuliko hao wako."

Nililala nayo kauli ile. Mimi ndiye ninayesimulia historia ya Bagamoyo kwa pesa, na sikuwa nimewahi kuifikiria hivyo. Misafara ya kutoka Tabora na Ujiji ilipokuwa inaishia hapa, wapagazi kwa maelfu na maelfu walishuka na meno ya tembo, wakapumzika wiki hata miezi wakingoja mzigo wa kurudi nao bara. Walihitaji chakula, vibanda, nguo, pombe, waganga, na wenyeji waliwauzia. Huo ulikuwa utalii wetu wa kwanza, tofauti ni kwamba mgeni alikuja na mzigo begani. Mwaka 1891 Wajerumani wakahamisha makao makuu ya koloni lao kutoka hapa kwenda Dar es Salaam, kwenye bandari ya kina kirefu. Mwaka 1905 wakaanza kujenga reli kutokea hukohuko. Mwaka 1912 ikafika Tabora, mwaka 1914 ikafika Kigoma. Njia ileile ya wapagazi, lakini sasa mwisho wake si Bagamoyo. Zile nyumba za Mtaa wa India ninazowaonyesha wageni na kusema "tazameni uzuri wa zamani" ziliporomoka kwa sababu hiyo: wenye kuwauzia wageni waliondoka kuwafuata wageni. Waliobaki ni wenye nyavu, wenye minazi na wenye mashamba. Nimekuwa nikiwapitisha watu kwenye magofu ya biashara kama yangu kwa miaka kumi na miwili, nikiwaelekeza wasijikwae kwenye mawe.

Shule zilifunguliwa Juni 29. Oktoba mwalimu mmoja wa Dar es Salaam akanipigia. Ana wanafunzi sitini na wawili, anataka waone Bagamoyo, atanipa shilingi elfu moja kwa kila mtoto. Zamani ningecheka na kukata simu. Wazee wawili wa Kijerumani walinipa karibu mara mbili ya hiyo, tena bila kukimbizana. Nilisema ndiyo kwa sababu ya njaa tu, wala nisijipambe.

Siku hiyo mabasi mawili yalisimama, watoto wakamwagika, na swali la kwanza nililoulizwa lilikuwa choo kiko wapi. Miaka kumi na miwili sikuwahi kufikiria choo. Wageni wawili watajisaidia hotelini. Watoto sitini na wawili na tundu moja ni saa nzima imekwenda. Nikaanza na hadithi yangu ya kawaida: jina la mji linatokana na maneno bwaga moyo, mtumwa alipofika hapa aliuacha moyo wake kwa sababu hatarudi tena kwao. Nilikuwa naitoa kwa sauti ya chini, nikitazama bahari, nanyamaza kidogo. Kwa wageni wa Ulaya haikuwahi kushindwa. Wengine walitoa leso.

Msichana mmoja wa kidato cha pili akanyoosha mkono. "Anko, sisi tumefundishwa kwamba wapagazi walikuwa wanaimba wakikaribia hapa, wanabwaga mizigo na kufurahi. Na watumwa wengi walipitia Kilwa. Sasa ipi ndiyo yenyewe?"

Alikuwa sahihi. Bandari kuu ya kusafirishia watumwa upande wa bara ilikuwa Kilwa. Bagamoyo ulikuwa zaidi mji wa pembe na wapagazi, ingawa watumwa nao walipita na mateso yao hayakuwa hadithi. Maelezo yote mawili ya jina nilikuwa nayajua. Lakini moja lilikuwa linaleta bakshishi kuliko jingine, na miaka ikanifundisha kuliacha lile jingine nyumbani. Nimefikiria sana jambo hili. Sikusema uongo. Nilichagua huzuni kwa sababu ina soko.

Kule Misheni mambo yakawa mabaya zaidi. Nikasimulia kama kawaida: David Livingstone alifariki Mei 1, 1873, kijijini kwa Chitambo, nchi ambayo sasa ni Zambia, moyo wake ukazikwa hukohuko chini ya mti, mwili ukakaushwa, ukabebwa kwa miguu miezi mingi mpaka hapa, ukawekwa kanisani Februari 24, 1874, kabla ya kupelekwa Zanzibar na kisha London. Kijana mmoja mfupi akauliza, "Waliombeba ni kina nani, na walilipwa kiasi gani?"

Nikataja Susi na Chuma. Akauliza, walizikwa wapi wao? Walipelekwa na wao London? Kulikuwa na wanawake? Nilitoa majibu ya kuungaunga, na watoto wanajua mtu akiungaunga. Mwalimu wao akaniokoa kwa kutangaza muda wa chakula.

Jumatatu yake nilirudi Misheni peke yangu, nikaingia makumbusho yao na daftari kama mwanafunzi, nikaanza kusoma maelezo ukutani ambayo nilikuwa nayapita na watu kila wiki. Kutoka hapo nikaenda kuazima vitabu. Nikajua kwamba Abdullah Susi na James Chuma, walioongoza safari ile, hawakuwepo kwenye mazishi. Walipofikishwa Uingereza maiti ilikuwa imeshazikwa. Aliyekuwepo ni Jacob Wainwright, aliyesindikiza jeneza na kulishika siku ya maziko, Aprili 18, 1874. Nikajua kulikuwa na Halima, mpishi. Kundi zima la makumi ya watu lilipofika hapa lilipokea ujira wake likaambiwa kwaheri. Hapa hapa kwetu. Waliagwa kwenye mji wangu na mimi sikuwa na sentensi hata moja juu yao.

Lakini kitu kilichonigeuza zaidi hakikuwa kitabu. Wakati wa kula, mtoto mmoja aliyekuwa kimya muda wote alinifuata, akaniambia bibi yao Tabora huwa anasema babu wa babu yake alikuwa anashuka pwani kubeba pembe, na mara ya mwisho hakurudi. "Huenda yuko hapa?" akauliza. Sikuwa na la kumjibu. Nilimpeleka mpaka Caravan Serai, akasimama uani kidogo, akapiga picha kwa simu ya mwalimu ampelekee bibi.

Mzungu wangu anakuja kutazama mambo ya watu. Huyu mtoto alikuja kumtafuta mtu wake. Tangu hapo nikiwa na Watanzania sianzi na jina la mji. Nawauliza kwanza kwenu wapi. Mnyamwezi namwanzishia kwa wapagazi, Mmanyema kwa Ujiji, Mzaramo na Mkwere nawaacha wanisahihishe wenyewe, na mtu wa Kilwa namwambia aje tubishane. Matembezi yanakuwa mazungumzo, wakati mwingine ugomvi, na saa mbili zinapita sijasema hata nusu ya niliyoyajua.

Nisije nikamdanganya mtu kwamba wageni wa ndani waliziba pengo. Hawakuziba. Watalii wa kimataifa waliokuja Tanzania mwaka 2019 walikuwa 1,527,230, na mwaka 2020 wakawa 620,867, wakiwemo waliokuja kabla mambo hayajaharibika. Hizo ni namba za nchi nzima, mbuga na Zanzibar zikiwemo. Kwa mji kama wetu, ambao mtalii huupitia kwa siku moja akibakiwa na muda, tulikuwa tunagombania makombo ya makombo. Rafiki yangu mchonga vinyago alifunga kibanda akaenda Dar kuendesha bodaboda, na hajarudi. Nani hapa kwetu ataweka Mmasai wa mbao sebuleni? Mchoraji aliyewauzia wale Wajerumani aliokoka kwa kuandika mabango ya maduka na kupamba bajaji, na anasema kwa kunong'ona kwamba bajaji zinalipa vizuri kuliko tembo na twiga. Mtengeneza ngoma ndiye aliyetushangaza wote. Kumbe kwaya na vikundi vya ngoma za harusi walikuwa wanahitaji ngoma siku zote, ila bei yake aliyowazoesha wazungu iliwafukuza. Aliposhusha, wakaja.

Kulikuwa pia na wale wa kutoka Dar Jumapili, vikoba, kwaya, kina mama wa kitchen party na sare zao. Hao historia wanaitaka dakika kumi na tano, picha kwenye lango la Boma saa moja, na samaki wa kukaanga muda uliobaki. Mwanzo niliumia. Baadaye nikaona ni mimi ninayetakiwa kujua kipi cha kuweka kwenye dakika kumi na tano. Nilikubaliana na mama lishe wanne, wa nne akiwa mke wangu, chakula kinaagizwa siku moja kabla kwa idadi kamili, nusu ya pesa mbele, choo kimeshalipiwa. Hayo ya choo nimeyaandika kwa herufi kubwa kwenye daftari langu.

Wageni wa nje wamerudi. Mwaka 2022 nchi ilipokea 1,454,920, na mwaka 2023 wakawa 1,808,205, kupita hata kabla ya ule ugonjwa. Bagamoyo nasi tunapata chetu. Ningependa kusema nimekuwa mtu mwingine, lakini Julai iliyopita nilikuwa na miadi na shule moja Jumamosi, ikaja familia ya Kiholanzi ya watu sita, nikampigia mwalimu nikamwambia ninaumwa. Mke wangu alinisikia. Hakusema kitu, alinyoosha tu mkono, nikampa elfu mbili ya mchezo, maana sasa hivi na mimi nina jina kwa kijumbe, mwanamume pekee kwenye daftari lake.

Jioni ile nilipitia mnadani nikiwa na dola za Waholanzi, nikataka nimfurahishe mtoto. Nikaulizia kamba. Bei niliyotajiwa ilinirudisha hatua moja nyuma. Maboksi ya barafu yalikuwa yamepangwa, gari la Dar limewasha injini. Nikanunua vibua.

Mwanangu alifunua sufuria, akafunika, akanitazama.

"Baba, wazungu wataondoka lini tena?"

Mama yake akamwambia akanawe mikono, ugali unapoa.